Bustani ya nyoka: mwongozaji nyota tano, bango nyota moja

Jumamosi nilimpeleka mwanangu wa darasa la nne kwenye bustani ya nyoka, nje kidogo ya mji. Jina silitaji kwa sababu kasoro zao nitazisema. Kiingilio si ghali, ila kumshika chatu ni hela nyingine, ulizeni mapema.

Nianze na kilichoniudhi. Ukiingia tu unakutana na bango kubwa lililopaushwa na jua: kushoto nyoka, kulia mijusi, na chini ya mijusi wamemchomeka mamba. Getini wanauza karatasi ya mazoezi inayomtaka mtoto awatenganishe vivyo hivyo. Nikainunua bila kuwaza.

Kijana aliyetuzungusha ndiye aliyeokoa siku. Alipoiona ile karatasi akacheka. "Dada, hii imekosewa tangu mimi sijaajiriwa." Akatupeleka kwa kenge, tukasimama kimya mpaka kenge akatoa ulimi: mrefu, wenye ncha mbili, unaingia na kutoka kama wa swila wa banda la jirani. Akatuambia kuwa vipimo vya vinasaba, hasa kuanzia mwaka 2005, vinawaweka kenge, kinyonga na nyoka kwenye tawi moja. Mjusi kafiri, huyu wa ukutani kwetu, alishika njia yake mapema zaidi. Kwa hiyo undugu wa kenge na nyoka ni wa karibu kuliko wa kenge na mjusi kafiri, ingawa hao wawili wote tunawaita mijusi. (Wanaopanga wanyama kwa kutazama mifupa hawajakubali wote, na hilo hakutuficha.) Mimi nilivyoelewa, kuandika ukoo wa mijusi ukamwacha nyoka ni kama kuandika ukoo wa babu ukamruka shangazi kisa kaolewa mbali.

"Tena huko mbali akaacha na miguu," kijana akadakia.

Mwanangu akauliza, "Anko, sasa iliishia wapi?"

Hapo ndipo hela ya chatu iliporudi. Akamgeuza taratibu upande wa mkia na kutuonyesha, karibu na tundu la haja, kucha mbili ndogo, moja kila upande, kama miiba ya mlimau. Ni mabaki ya miguu ya nyuma. Nilizigusa, ngumu kweli. Lakini akatuonya kwamba kukosa miguu peke yake hakumfanyi mnyama kuwa nyoka. Kwenye milima ya Udzungwa kuna ndugu za guruguru wasio na mguu hata mmoja, wanaoishi kwa kufukua udongo. Ukimwona utakimbilia fimbo. Katika matawi mbalimbali ya mijusi, miguu imepotea zaidi ya mara 20.

Na mamba? Mamba si mjusi hata kidogo, yuko karibu zaidi na kuku. Hilo mwanangu alinibishia mpaka tunashuka kwenye daladala.

Mengineyo: vyoo safi, maji ya kunywa hakuna, na jua likishapanda nyoka wengi hujificha, nendeni asubuhi. Ombeni mwongozaji, ukizunguka mwenyewe utatoka na elimu ya bango. Karatasi msinunue. Yetu imebandikwa kwenye mlango wa friji, mstari wa katikati umefutwa kwa kifutio, na mamba kachorewa mshale mrefu unaoelekea kwa jogoo.