Leva ya Camaro ya 1968 kwenye giaboksi ya gia nne: seti hii inafaa?

Sikilizeni kwanza. Ta. Ta. Ta. Ta. Ta. Ta. Mmehesabu? Milio sita, vituo saba vya leva ya gia. Leva hii ilipotoka kiwandani ilikuwa na vitano tu: P ya kuegesha, R ya kurudi nyuma, N ya gia huru, D ya kwenda mbele na L ya gia ya chini, basi.

Karibuni tena gerejini, hapa Houston. Gari mnaijua, Camaro ya 1968. Ilikuja na Powerglide, giaboksi ya otomatiki yenye gia mbili. Ndiyo, mbili! Mjini hainisumbui, lakini ukiingia barabara kuu injini inapiga kelele mpaka mazungumzo yanakatika. Nikaitoa, nikafunga 700R4, ile ya gia nne ambayo General Motors walianza kuitumia kwenye magari ya 1982. Gia ya nne uwiano wake ni 0.70, kwa hiyo pale injini ilipokuwa inazunguka mara 3,000 kwa dakika, sasa inazunguka 2,100.

Shida ni leva. Ningeweza kununua mpya ya kisasa, lakini tazameni huu mkono ulivyojikunja kama kiatu cha farasi, kisha mniambie nani ana roho ya kuutupa. Ndipo nikaagiza seti hii ya kubadilishia. Ndani kuna bamba la meno, kioo chenye herufi mpya, kishikio cha ule waya unaounganisha leva na giaboksi, na boliti zake.

Bamba ndilo lenye kazi. Ebu sogeza kamera. Mnaona haya mapengo? Kuna pini inashuka humu kila ukihamisha gia, na kila pengo lazima lioane na kituo kilichomo ndani ya giaboksi yenyewe. Powerglide na 700R4 hazioani. Ukiacha bamba la zamani, utasoma D huku giaboksi iko kwingine, na gia nyingine huzifikii kabisa.

Nitakiri jambo. Kabla ya kununua nilijifanya fundi chuma wa Gerezani, kule Dar es Salaam. Nikachukua kipande cha bamba na tupa, nikachonga meno mwenyewe, jioni mbili nzima. Yalipendeza! Kosa lilikuwa dogo, kama unene wa kucha, ila lilijikusanya pengo hadi pengo, na nilipofika P kile kikomeo cha ndani kinachozuia gari lisitembee kikawa kimeshika nusu. Nikasukuma gari kwa mkono, likaondoka. Lile bamba sasa nafungulia soda.

Hili la seti limekatwa vizuri, halina makwaruzo, na liliingia bila kulazimisha. Kabla hujalifunga, angalia bushi za leva yako. Zangu zilikuwa zimelika, na leva iliyolegea itakupa majibu ya uongo hata kwa bamba zuri namna gani. Bushi hazimo kwenye seti, zinunueni mapema.

Kurekebisha waya: ingia chini ya gari, sukuma kile kimkono cha ubavuni mwa giaboksi mpaka P, kisha juu weka leva P, ndipo ufunge waya. Usianze na kioo cha herufi. Kioo ni pambo, hakijui chochote. Pitia vituo vyote saba huku mtu yuko chini anahakikisha kila kimoja kimeshika. Halafu jaribu swichi ya kuwashia: gari liwake P na N tu. Langu mara ya kwanza liliwaka likiwa R, nikasogeza swichi kidogo, likatulia.

Maelekezo ya karatasi ndiyo yaliyonikera. Picha nyeusi tii, na hayakutaja neno hata moja kuhusu waya wa kabureta, ule unaotoka kwenye kabureta hadi giaboksi. Najua si sehemu ya leva, lakini anayefunga leva hii anafunga 700R4, na waya ule ndio unaoiambia giaboksi mafuta yawe na shinikizo kiasi gani. Ukiuacha umelegea, klachi za ndani zinaungua kabla hujamaliza mtaa. Tena giaboksi hii ni ndefu kuliko Powerglide kwa karibu sentimita 8, kwa hiyo propela shafti inafupishwa na boriti inayobeba giaboksi inarudishwa nyuma. Wanaodhani ni kazi ya kubadili leva tu, wapeni habari.

Mimi ningeinunua tena, kwa sharti leva yako ya asili iwe nzima. Kama imepinda au imeoza kutu, hela hiyo weka kwenye leva mpya.

Kioo nacho herufi zake ni nyeupe mno ukilinganisha na geji zangu zilizofifia kwa miaka yote hiyo. Nilijaribu kuzitia rangi ya chai kwa brashi ya watoto, nikaharibu herufi N. Mkiikaribia mtaiona, hiyo hapo.