Sabuni ya kuoshea mboga: nyota mbili, na zote ni za harufu

Mke wangu aliinunua supamaketi moja hapa Dar, nusu lita shilingi 9,500. Lebo inasema inaondoa "dawa zote za wadudu". Dawa zipi, kimya. Mimi nimekulia Ilula, Iringa, kwenye mashamba ya nyanya, bomba la dawa nimelibeba mgongoni tangu darasa la sita, kwa hiyo chupa hiyo niliiangalia kama ninavyomwangalia dalali wa nyanya.

Jumamosi nikanunua sado moja ya nyanya, bado zina ule unga mweupe. Nusu nikaziloweka kwenye beseni lenye vifuniko viwili vya sabuni, dakika kumi kama walivyoelekeza. Nusu nikazisugua kwa kidole chini ya bomba. Maji ya beseni yaligeuka kama tui la pili, nikafurahi kidogo, nakiri. Kuzitoa sasa: kwenye kishimo cha kikonyo unga umeganda vilevile. Zile za bombani zilitakata mpaka humo, maana kidole kilipita.

Tena unga huo mara nyingi ni mankozebu, dawa ya ukungu. Dawa za kantangaze, yule kiwavi anayetoboa nyanya, huzioni kwa macho, na baadhi zinaingia ndani ya mmea. Hizo uoshe kwa sabuni, kwa magadi, kwa maombi, umeosha ganda tu. Zinapungua kwa siku: kibandiko cha dawa huonyesha usubiri siku ngapi baada ya kupulizia ndipo uchume. Lakini bei ikipanda mjini, fuso liko shambani leo na dawa imepigwa juzi. Nani atasubiri?

Watafiti wa Connecticut, Marekani, walishalipima hili mwaka 2000. Kusuuza kwa maji ya bomba kulipunguza mabaki ya dawa 9 kati ya 12, na sabuni za mboga hazikuyashinda maji kwa lolote la maana. Nyanya angalau unaweza kuimwagia maji ya moto ukaimenya, na sehemu kubwa ya dawa iliyokaa juu ikaondoka na ganda. Ndiyo nafuu ya nyanya za kopo zilizomenywa. Mchicha utaumenya nini?

Harufu ya limao ni nzuri kweli. Povu sasa, nilisuuza mara tatu, na maji mtaani kwetu yanatoka Jumanne na Jumamosi. Iliyobaki tunaoshea vikombe. Vinang'aa.