Filamu za Likizo ya Kiangazi: Pima Fremu Kabla ya Kutoa Hela

Mtu kanunua filamu ya hoteli ya ufukweni, kaiweka kwenye deki, na anachokiona ni watu waliokatwa usawa wa paji la uso na bahari iliyobaki utepe. Akirudi kwa muuzaji anaambiwa TV yake ndiyo mbovu. Mara nyingi TV haina kosa lolote. Aliyeiandaa diski ameikata picha ili ijaze kioo, kwa sababu wateja wengi hawapendi mistari myeusi pembeni, na muuzaji hapendi kurudishiwa mali.

Kwenye muvi ya ngumi hilo unaweza kulivumilia. Kwenye filamu ya likizo, hapana. Humo steringi ni mahali penyewe: ziwa, veranda, ngazi za kushukia majini, chumba cha kulia chakula chenye wageni wasiojuana. Kwa hiyo sitahangaika na majina ya waigizaji, wala na vipindi vya ziada vinavyojazwa kwenye diski. Nimeyapanga matoleo kwa jambo moja tu ambalo karibu hakuna anayeliuliza dukani: je, fremu imetoka nzima?

Hesabu yenyewe si ngumu. Filamu nyingi za Ulaya za mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilipigwa kwa uwiano wa 1.37, yaani upana wa picha ni mara 1.37 ya kimo chake. TV za leo ni 16:9, ambayo ni 1.78. Ili picha ya 1.37 ijaze kioo hicho bila kuvutwa, asilimia 23 ya kimo inatupwa, juu na chini. Filamu pana za 2.35 zina balaa la upande wa pili. Zikijazwa kwenye 16:9 zinapoteza karibu robo ya upana, na yale matoleo ya zamani yaliyotengenezwa kwa ajili ya TV za mgongo, zile za 4:3, yanapoteza asilimia 43. Karibu nusu ya picha uliyoilipia haimo.

Chukua tepu ya kupimia. Kioo cha inchi 32 kina upana wa sentimita 70.8 na kimo cha 39.8. Filamu ya 1.37 iliyo nzima itakaa katikati kwa upana wa sentimita 54.5 hivi, na kila upande uwe na weusi wa sentimita 8. Filamu ya 2.35 itajaza upana wote, lakini juu na chini kuwe na weusi wa karibu sentimita 5 kila upande. Kwa inchi 43, weusi wa 1.37 ni karibu sentimita 11 kila pembeni, na wa 2.35 ni 6.5 juu na 6.5 chini. Ukiona weusi huo haupo, picha imekatwa au imevutwa. Kujua ni ipi kati ya hizo mbili, tafuta tairi la gari au sahani ya mviringo kwenye picha. Ikiwa imekuwa yai, imevutwa, na hilo linatibika kwa rimoti. Ikiwa ni duara safi na weusi haupo, imekatwa, na hilo halina dawa.

Kabla ya kugombana na mtu, rekebisha vyombo vyako. Kwenye rimoti ya TV kuna kitufe cha Aspect au P.Size: kiweke kwenye 16:9, usiweke Zoom. Kisha ingia kwenye menyu ya deki, sehemu ya TV Display. Baadhi ya deki za DVD zinatoka dukani zikiwa kwenye 4:3 PS, na hapo zinaweza kukata pembeni mwa filamu pana hata kama diski ni nzima. Badilisha iwe 16:9. Wapo waliotupa diski nzuri kwa sababu ya mpangilio huo mmoja.

Halafu kuna kanda, yaani namba au herufi ya eneo la dunia ambako diski imeruhusiwa kufunguka, jambo ambalo wauzaji wa mtandaoni wanalikwepa kwa kuandika "inafunguka popote". Kenya, Tanzania na Uganda ziko kanda ya 5 kwa DVD na kanda B kwa Blu-ray. Sehemu kubwa ya Ulaya na nchi za Ghuba ni 2 kwa DVD, ila kwa Blu-ray ni B kama sisi. Marekani ni 1 na A. Deki za DVD za bei ya chini zinazouzwa kwetu kwa kawaida zinafungua kanda zote, lakini deki za Blu-ray ni ngumu. Diski za 4K hazina kanda kabisa. Kwa hiyo shangazi aliyeko Minnesota akikuletea Blu-ray ya huko, muulize kwanza kama nyuma ya kava kuna herufi A, maana deki ya kanda B haitaifungua.

Sasa orodha.

Ya kwanza ni Les Vacances de Monsieur Hulot ya Jacques Tati, 1953, katika toleo la Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa filamu za kale kwenye diski. Sioni aibu kusema kwamba naipendelea kampuni hiyo. Nyuma ya kava wanachapa uwiano wa picha, dakika, na kanda, na kama filamu inahitaji weusi pembeni wanauacha. Filamu ilipigwa Saint-Marc-sur-Mer, karibu na Saint-Nazaire, Ufaransa, kwenye hoteli ya kweli ya ufukweni, na maneno yake ni machache kiasi kwamba asiyejua Kifaransa hakosi kitu. Tazama inavyoanza: abiria wamejaa kituo cha treni, kipaza sauti kinabwata kitu kisichoeleweka, kundi zima linakimbia kutoka jukwaa moja hadi jingine, treni inaingia kwingine. Tati ameiweka kamera mbali ili uone watu na majukwaa kwa pamoja. Baadaye Hulot, mhusika mkuu, anapaka rangi mtumbwi, maji yanalichukua kopo la rangi na kulizungusha upande wa pili, naye anachovya brashi bila kuangalia na kulikuta palepale. Kata asilimia 23 ya picha ya mtu anayechekesha kwa kingo za fremu, uone kama kuna atakayecheka.

Lingine la kujua kuhusu Hulot ni kwamba Tati hakuacha kuikatakata. Toleo la mwisho ni la 1978, dakika 88 hivi, na ndani yake aliongeza kitu ambacho mwaka 1953 hakikuwepo: mtumbwi unakunjika katikati na Hulot ndani yake, unafanana na mdomo wa papa, na ufukwe mzima unatimua mbio. Ni utani juu ya filamu ya papa iliyotikisa dunia miaka mitatu kabla. Seti ya Criterion ya mwaka 2014, The Complete Jacques Tati, ina matoleo yote mawili, la 1953 na la 1978. Ukipata seti hiyo kwa mkopo, kwa mnada, kwa kulia machozi, ichukue. Kwa walioko Marekani, Blu-ray moja ya Criterion ina bei ya kava ya dola 39.95 kwa filamu nyingi. Subiri mapunguzo ya nusu bei, kwa kawaida ni Julai na Novemba. Ubaya wa kampuni yangu kipenzi ni kwamba Blu-ray zake za Marekani ni kanda A, na maandishi ya tafsiri ni ya Kiingereza tu. Tangu 2016 wana matoleo ya Uingereza ya kanda B. Ukiwa Dar au Mombasa hayo ndiyo yako.

Ya pili ni Jaws, 1975, ndiyo hiyo filamu ya papa. Msishangae. Ni filamu ya mji unaoishi kwa hela za wageni wa kiangazi, na meya anayekataa kufunga fukwe kabla ya sikukuu ya tarehe 4 Julai. Steven Spielberg aliipiga Martha's Vineyard, Massachusetts, kwa 2.35, na pale mkuu wa polisi anapokaa kwenye mchanga akikodolea maji macho, wageni wanapita mbele yake, huku na kule, wakimziba. Upana ndio unaofanya moyo uende mbio, maana hujui utazame wapi. Nunua 4K, haina kanda, au Blu-ray. DVD za zamani zilitoka za aina mbili, na ile iliyoandikwa Full Screen mwachie muuzaji aitumie kuwekea kikombe. Maneno hayo mawili kwenye kava la filamu ya 2.35 maana yake ni kwamba utaona asilimia 57 ya filamu.

Ya tatu, Sommaren med Monika ya Ingmar Bergman, 1953. Kijana na msichana wa Stockholm wanaacha kazi, wanachukua mashua ya baba na kwenda kuishi visiwani kiangazi kizima, kisha kunakucha. Ni ya 1.37, kwa hiyo pima weusi wa pembeni. Lakini humu hatari kubwa zaidi ni dakika. Filamu nzima ni dakika 97 hivi. Mfanyabiashara wa Marekani, Kroger Babb, aliinunua, akaikata hadi dakika 62, akaipa jina jipya la kuvutia wanaume na kuiuza kama filamu ya msichana mbaya. Ukiona 62 nyuma ya kava, rudisha. Ukiona 93, usiogope: DVD za Ulaya huendeshwa kwa fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo kila filamu inafupika kwa asilimia 4 na sauti inapanda kidogo, lakini hakuna kilichokatwa. Zidisha dakika za asili kwa 0.96 upate za DVD. Blu-ray kwa kawaida haina mambo hayo. Na usiiwashe mbele ya wakwe, kuna kuoga bila nguo.

La Piscine, 1969, ya nne, ina onyo hilohilo la wakwe. Alain Delon, Romy Schneider, jumba lenye bwawa karibu na Saint-Tropez, na wivu unaopikika taratibu juani. Uwiano ni 1.66, kwa hiyo weusi wa pembeni ni mwembamba, sentimita 2.3 hivi kila upande kwa inchi 32, na ndiyo maana watengenezaji wengi wanadhani hakuna atakayegundua wakiuondoa. Toleo la Criterion la 2021 limeuacha.

On Golden Pond ya 1981 ndiyo ya kumnunulia mama. Wazee wawili, nyumba ya mbao kando ya ziwa, binti asiyeelewana na baba yake. Katharine Hepburn na Henry Fonda walipata Oscar kwa filamu hii, na ziwa lenyewe ni Squam, New Hampshire. Ni ya 1.85, dakika 109. Hapa kuna kitu kinachowachanganya hata wanaojua: filamu za 1.85 zilizojazwa kwenye TV za mgongo mara nyingi hazikukatwa pembeni, bali zilifunguliwa juu na chini, ukaona sehemu ambazo mpiga picha hakukusudia uone. Kuona zaidi si kuona vizuri. Kwenye DVD tafuta maneno Anamorphic au Enhanced for 16:9. Bila hayo picha itakaa kama dirisha dogo katikati ya kioo, na weusi pande zote nne.

Dirty Dancing, 1987, kila mtu anayo, kwa hiyo sitakawia. Hoteli ya familia ya milima ya Catskills ya mwaka 1963, iliyopigwa Virginia na North Carolina. Ile ya kunyanyuana ziwani ilipigwa Oktoba, maji ya baridi, na majani ya miti yalipakwa rangi ya kijani kwa sababu yalikuwa yameshageuka. Ni ya 1.85 na matoleo mengi yako sawa. Usinunue la tatu kwa sababu tu kava limebadilishwa rangi.

Mr. Hobbs Takes a Vacation, 1962, James Stewart na pampu ya maji inayomkataa kwenye nyumba ya kupanga ufukweni, ni nzuri lakini imeteseka mno kwa kukatwa. Ni ya 2.35. Nunua pale tu muuzaji anapokupa picha ya nyuma ya kava.

Na wauzaji wenyewe ndio hao. Wanapiga picha ya mbele ya kava peke yake, kwa pembe, chini ya taa ya duka, wakati habari zote ziko nyuma. Wanaandika "HD" kwenye DVD, na DVD ina mistari 480 au 576 tu, haijawahi kuwa HD na haitakuwa. Ukiuliza uwiano wa picha unajibiwa "ni original, dada". Bei nayo, ukishaweka usafiri na ushuru, inaweza kuizidi diski yenyewe, kwa hiyo agizeni pamoja, watu wanne au watano kwa mzigo mmoja.

Wa bei ya chini, wanaojaziwa muvi kwenye flashi: hapo hapo kibandani omba faili lifunguliwe na uangalie vipimo vyake. Filamu ya 2.35 iwe 1920 kwa 816 au karibu na hapo. Ya 1.37 iwe karibu 1480 kwa 1080, au 1920 kwa 1080 yenye weusi pembeni. Hulot iliyotiwa sauti ya mtafsiri juu usiichukue, kwani mlango wa chumba cha kulia unaolia kila unapofunguliwa ni utani wenyewe, na mtafsiri ataongea juu yake.