Uzoefu wangu: picha za chapa za bahari ya Lamu, na siku mbili za kutembea vijijini na mchoraji wake

Mwezi wa Novemba nilinunua picha mbili kutoka kwa mchoraji wa Lamu anayechora mandhari ya pwani kwa rangi za maji na kuuza nakala zake za chapa. Januari nikapanda basi hadi Mokowe, nikavuka kwa boti, nikatembea naye vijijini. Kabla ya kulipa nilitafuta maneno ya mtu aliyewahi kununua kwake nikakosa, ndiyo maana ninaandika kwa urefu.

Mimi nimekulia Likoni, sasa ni mwaka wa tisa niko Nairobi. Nilitaka bahari ukutani, lakini siyo ile ya kadi za watalii, yenye mnazi mmoja na jua linalozama. Picha ya kwanza niliyoichagua ni ufukwe wa Shela maji yakiwa yamekupwa: mashua tatu zimelalia ubavu mchangani, ukuta wa mawe ya matumbawe, na ng'ambo kisiwa cha Manda kimekaa kama mstari wa mkaa. Ya pili ni majahazi mawili yakitoka na kaskazi, matanga yamejaa.

Bei, maana najua ndiyo mtakayouliza kwanza. Ukubwa wa A3 nililipa shilingi 4,500, na ule wa A2 shilingi 8,000, kwa M-Pesa. Kila picha hutolewa nakala 50 tu, na namba imeandikwa kwa penseli chini kushoto, sahihi kulia. Yangu ya Shela ni 17/50. Karatasi ni ya pamba, nzito, gramu 300 kwa mita ya mraba, ukiipitishia kidole unahisi vinyweleo vyake. Siyo ile karatasi inayong'aa ya studio za picha. Nimeitundika mahali ambapo jua la asubuhi hupita kwa saa moja hivi, na hadi leo sijaona rangi ikififia, ingawa miezi michache bado ni mapema kusema.

Rangi kwenye simu na rangi mkononi hazifanani. Kwenye simu bahari ilikuwa samawati inayowaka. Mkononi imetulia, ina ukijivu ndani yake. Kioo cha simu kinatoa mwanga, karatasi haitoi. Mimi niliipenda zaidi hii ya karatasi, lakini kama umeipenda picha kwa sababu ya ule mng'ao wa simu, mwombe akupigie picha ya nakala iliyochapwa ikiwa dirishani. Nilipomwomba ya pili alinitumia bila kusita.

Usafirishaji ndio ulioniudhi. Picha zilikuja ndani ya bomba la kadibodi kwa ofisi ya vifurushi vya basi, na bomba likafika limebonyea upande mmoja. A2 ilikuwa na mkunjo wa urefu wa kidole kwenye pembe. Ofisini waliniambia nimeshatia sahihi, basi. Mchoraji, kwa upande wake, alitaka picha ya mkunjo huo, akachapa nyingine, akaituma ndani ya bomba la plastiki la fundi wa mabomba lililozibwa ncha zote mbili. Hakunitoza kitu, ila ile iliyokunjika alitaka nimrudishie ili namba mbili zisifanane. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Kulikuwa na lalamiko jingine. Kwenye ile picha ya Shela, chini ya ukuta, kuna ukanda wa kijani kilichofifia ambao juu yake umekatika kwa mstari ulionyooka kana kwamba umepigwa rula. Nilidhani mashine ya chapa imeacha doa. Nilimwandikia mchoraji kwa heshima, "Dada yangu, kazi yako ni nzuri, lakini hapa pana kasoro." Akanijibu kwa ujumbe mfupi wa sauti: "Si doa, dada. Ukija Lamu wakati wa bamvua nitakupeleka ukalione." Bamvua ni zile siku ambazo maji hujaa na kukupwa kuliko kawaida.

Nikaenda. Ana utaratibu wa kutembea na wanunuzi wake kwa siku mbili, nusu siku kila siku, shilingi 3,500 kwa mtu, na boti mnachangiana kando. Tulikuwa wanne.

Siku ya kwanza, kama saa nne asubuhi, maji yalikuwa yametoka kabisa. Tulitembea kwa miguu kutoka mjini hadi Shela, dakika arobaini kwa mwendo wa pole, punda wakitupita. Akanisimamisha mbele ya ukuta wenyewe. Utando wa kijani umejishika kwenye mawe kuanzia chini, halafu ghafla umekoma, mstari mmoja ulionyooka, juu yake jiwe jeupe kavu. Bamvua hufika pale na haivuki. Niliweka kiganja changu kwenye mstari: chini baridi na utelezi, juu moto wa jua. Nimekulia pwani, nimeziona kuta za namna hiyo maisha yangu yote, na sikuwahi kuuona mstari ule hata siku moja mpaka mtu aliponichorea.

Alituonyesha pia msikiti wa Ijumaa wa Shela, wa mwaka 1829, wenye mnara mweupe uliochongoka juu, na akatupandisha kwenye vilima vya mchanga nyuma ya kijiji. Huko alizungumza kwa uchungu. Vilima vile ndivyo vinavyochuja na kutunza maji matamu ya kisiwa. Mvua ikinyesha inazama mchangani na watu wanaichota visimani. Kila akichora vilima, anasema, anaogopa asije akawa anachora kitu ambacho wajukuu watakuta kimejengwa nyumba.

Alasiri, maji yakiwa yanajaa, tulivuka kwenda Takwa, magofu ya mji wa kale upande wa Manda. Kule huendi unapotaka wewe, unaenda maji yanapotaka. Mlango wa kuingilia ni mkono wa bahari kati ya mikoko, na maji yakikupwa boti haipiti. Nakhodha alizima mashine, tukasukumwa kwa pondo, mizizi ya mikoko ikigusa ubavu wa boti. Mji ule ulikuwa hai kati ya karne ya 15 na ya 17, kisha watu wakauhama, wengi wakaenda Shela. Msikiti wake una nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, na nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la nguzo ambapo watu wa Shela bado huja kuomba mvua. Mchoraji alikaa kivulini akachora kwa dakika ishirini bila kusema neno, na sisi tukanyamaza. Ilikuwa saa bora kuliko zote za safari hiyo.

Siku ya pili haikwenda vizuri mwanzoni. Tuliambiwa saa moja asubuhi, tukaondoka saa tatu kwa sababu mwenye boti alichelewa. Saa mbili katika siku ya bamvua si kitu kidogo: tulipofika karibu na Matondoni maji yalishatoka, boti ikakwama, tukashuka na kutembea kwenye tope hadi magotini. Kulikuwa na mama mmoja wa makamo kwenye kundi letu na alipata shida sana. Mchoraji aliomba radhi na kumrudishia yule mama nusu ya fedha zake, lakini ningependa aweke boti ya akiba. Ukienda, vaa viatu vya plastiki vya kufunga kisigino. Ndala zinabaki topeni.

Matondoni ndiko kwenye mafundi wa vyombo. Kulikuwa na mashua moja juu ya magogo ikitiwa kalafati, pamba iliyochovywa mafutani inashindiliwa katikati ya mbao kwa nyundo na patasi, tak-tak, tak-tak, kijiji kizima kinasikia. Mchoraji alitoa mkobani mchoro wa jahazi ambao hajauchapa bado, akampa fundi mzee. Mzee alifuta mikono kwenye kikoi, akautazama kwa muda mrefu.

"Ndoo, mwanangu, keti hapa," akamwambia, yaani njoo, kwa Kiamu. "Foromali ni miti miwili iliyoungwa. Hapa umeniwekea mmoja."

Foromali ni ule mti unaobeba tanga. Mchoraji akasema, "Ahsante, baba," akatoa penseli na kuandika pembeni. Akatuambia kwamba hakuna picha ya chombo anayoichapa kabla haijapita mikononi mwa mzee yule. Niliporudi Nairobi niliitazama ile picha yangu ya majahazi mawili kwa karibu. Foromali zote mbili zina maungio, na kamba imezungushwa mara tano, unaweza kuihesabu.

Kwa wanaotaka kununua, jambo moja la fremu: mwambie fundi wako aweke ukingo wa kadibodi kati ya picha na kioo. Dada yangu wa Mombasa aliweka kioo juu ya karatasi moja kwa moja, unyevu ukaingia, picha ikaganda kwenye kioo na kutoka haitoki tena.

Nimeshamwandikia kuhusu ile ya Takwa. Amesema hajaimaliza, kwanza anataka kurudi huko maji yakijaa wakati wa masika, akaone mawe yale yakiwa yameloa.