Kutabiri mechi ya mtoano ya raga: fomu au uzoefu?

Kila Kombe la Dunia la raga likifika robo fainali, ubishi ni uleule: tufuate fomu au uzoefu wa mtoano?

Fomu ni rahisi kufuatilia. Orodha ya viwango ipo wazi, matokeo yapo, dakika tano zinatosha. Na pengo likiwa kubwa, haidanganyi: nusu fainali ya 2023, New Zealand iliichapa Argentina 44-6.

Ila timu zikikaribiana, fomu hutetereka. Ireland ilifika robo fainali ya kombe hilohilo la 2023 ikiongoza viwango vya dunia, imeshinda mechi 17 mfululizo. Ikafungwa na New Zealand 28-24. Zile dakika za mwisho bado zinanikaa moyoni: Ireland inasukuma awamu baada ya awamu (kila ikikabwa inaanza shambulizi upya), zaidi ya 30, hadi Sam Whitelock wa New Zealand anauinamia mpira na kupata penalti.

Hapo uzoefu ndio unaobeba. Katika mtoano wa mwaka huohuo, Afrika Kusini ilizishinda Ufaransa 29-28, Uingereza 16-15 na New Zealand 12-11, zote kwa pointi moja. Tatizo la kufuata uzoefu ni kazi: lazima ujue wachezaji wa benchi, nguvu ya skramu (pale washambuliaji wanaposukumana kugombea mpira) na mpigaji penalti, na ujue nani kaumia.

Kama unabashiri mechi zote nane kuanzia robo fainali kwa mpigo, mimi ningeanza na fomu. Kama ni mechi moja ya vigogo wawili, tazama benchi kwanza.