Bendi kando ya kisa, au ndani yake?

Video ya muziki inaweza kuchanganya bendi na hadithi kwa njia mbili. Ya kwanza: bendi inapigwa picha mahali pamoja, tuseme Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa (kibali huombwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya), waigizaji kwingine, kisha mhariri anazisuka. Wimbo uliorekodiwa unatoka kwenye spika, bendi inaurudia mara kadhaa huku kamera ikihama. Mwigizaji akilegea, unamkata na kurukia mikono ya mpiga ngoma. Lakini mikono hiyo iende sawa na sauti. Watu waliokulia kwenye chakacha, ngoma ya pwani, hawadanganyiki.

Ya pili ni bendi kuwa sehemu ya kisa. Inapiga taarabu harusini, Mji wa Kale, Mombasa. Ubeti wa mafumbo unaanza, mwanamke mmoja anainuka, anapita mbele ya bibi harusi akimtazama usoni, anamtunza mwimbaji kwa pesa. Hakuna aliyesema neno, na ukumbi mzima umeelewa fumbo linamlenga nani. Kisa kimetoka kwenye desturi yenyewe ya kusikiliza. Gharama ipo: wageni wa kuwavalisha, taa za usiku, chakula cha wote.

Mimi nachagua harusi. Wimbo wa mbio usio na kisa, bora ngomeni, asubuhi kabla jua halijawa kali.