Waya wa USB wa kusomea mizani: upi ununue, upi uuache dukani

Kituo cha maziwa karibu na Molo, saa kumi na mbili asubuhi. Wakulima wamepanga mikebe foleni, boda zinazidi kuingia, na mimi nimekuja na programu ya Python ya kusoma mizani ili karani apumzike kunakili kilo. Nachomeka waya nilioununua jana jioni mjini Nakuru. Laptopu inauona, programu inafungua poti bila kosa, mizani haijibu kitu. Karani alingoja dakika kama kumi, kisha akafungua daftari lake.

Waya ule haukuwa na jina la mtengenezaji. Nilipofika nyumbani na kuupima kwa multimita nikaelewa. Poti ya pini tisa nyuma ya mizani ni ya RS-232, kiwango cha zamani cha kupitisha data kwa waya, na kwa RS-232 laini iliyotulia hukaa kwenye volti hasi. Waya wangu ulikuwa ukitoa sifuri hadi tano tu, hasi haujui kabisa. Mizani nyingine huvumilia hali hiyo. Ile ya Molo haikuvumilia.

Kwa hiyo usinunue kwa rangi wala urefu. Ulizia chipu iliyo ndani ya kile kichwa cha plastiki, ile inayotafsiri kati ya USB na poti ya mizani. Nazipanga hivi, kwa kazi ya mizani.

1. CH340. Najua wapo watakaonishangaa. Chipu hii ya kampuni ya WCH ya Uchina ni rahisi mno, na kwa bei hiyo hakuna anayehangaika sana kuighushi. Linux ina draiva yake tayari, na Windows 10 kwa kawaida huitafuta yenyewe ukiwa na intaneti. Ina kero mbili. Kwanza, nyingi hazina namba zao binafsi, kwa hiyo ukichomeka mbili kwenye laptopu moja, leo poti ya mizani ya kwanza Linux inaiita ttyUSB0 na kesho imekuwa ttyUSB1. Pili, kwenye Ubuntu 22.04 kuna programu ya kuhudumia mashine za Breli, brltty, ambayo huidhania CH340 kuwa mashine ya Breli na kuinyakua. Poti hutokea, halafu hutoweka. Kama hakuna anayetumia Breli hapo, `sudo apt remove brltty` humaliza ugomvi.

2. FT232R ya FTDI. Ikiwa halisi, ndiyo bora kuliko zote. Kila moja ina namba yake, hivyo kwenye Linux unaifungua kwa jina lisilobadilika chini ya /dev/serial/by-id, hata ukiwa na mizani nne. Shida ni hilo neno "halisi". Zimeghushiwa sana, hadi mwaka 2014 draiva mpya ya FTDI iliyopitia Windows Update ikawa inafuta namba ya utambulisho ya chipu bandia, na kompyuta zikaacha kuzitambua. Ukiambiwa "ni orijino, bosi" kwa bei ya CH340, jua unanunua bahati nasibu. Mimi huiagiza tu kama mizani ni zaidi ya moja, kwa muuzaji anayeweza kunionyesha alikoitoa.

3. CP2102. Chipu nzuri, ila madukani huja zaidi kama kibao kidogo cha saketi chenye pini za volti 3.3, cha kupakia programu kwenye vifaa vidogo kama ESP32. Usikiunganishe na mizani moja kwa moja. RS-232 inaweza kufika volti 15 upande wowote, nawe utakiunguza. Weka MAX3232, chipu ya kubadilisha volti, katikati.

4. PL2303. Draiva mpya za Windows hukataa matoleo yake ya zamani na yale ya bandia. Kwenye Linux inafanya kazi vizuri tu, kwa hiyo mwenye Ubuntu akiikuta peke yake dukani, aichukue.

Kifaa chako kikiwa na skrubu mbili zilizoandikwa A na B, kama inveta nyingi za sola, hapo si RS-232 tena. Nunua adapta ya RS-485.

Sasa kaunta. Nenda na laptopu, multimita na kipande cha waya. Kwanza endesha hii (weka kabla maktaba ya pyserial, iliyotajwa mwishoni):

`python -m serial.tools.list_ports -v`

Itakuonyesha chipu inajitambulisha vipi, lebo iseme itakavyo: 1A86 ni CH340, 0403 ni FTDI, 10C4 ni CP2102, 067B ni PL2303. Bandia hunakili namba hizi pia, lakini CH340 iliyovalishwa lebo ya FTDI utaikamata hapo hapo. Kisha unganisha pini ya 2 na ya 3 kwa kile kipande, uendeshe hii ukiweka jina la poti yako badala ya COM5:

```
import serial
p = serial.Serial('COM5', 9600, timeout=1)
p.write(b'maziwa')
print(p.read(6))
```

Neno likirudi, waya unatuma na kupokea. Toa kipande, acha poti wazi, pima pini ya 3 dhidi ya ya 5. Ukipata hasi tano au chini zaidi, lipa. Ukipata sifuri, mrudishie.

Maktaba yenyewe ni `pip install pyserial`. Ile iitwayo `serial` peke yake ni kitu kingine kabisa. Kwenye Ubuntu ukinyimwa ruhusa ya kufungua poti, jiongeze kwenye kundi la dialout, utoke na kuingia upya. Fanya hayo usiku, kabla mikebe haijafika.